Usukani Haukufungwa Langoni

Abdulqadir bin Harith hakumvunja mtu mguu. Hilo litangulie, kwa sababu yaliyosemwa juu yake yalitangulia hata jeneza lake kufika makaburini, na mpaka leo yanasemwa mtaani Langoni, Pate na Mokowe na watu ambao hawajawahi kushika spana. Wanasema alikuwa fundi wa kubahatisha. Wanasema alimpa mwana wa watu usukani mbovu wa pikipiki, mwana wa watu akaanguka akavunjika, naye akafunga kazi na kujificha nyumbani hadi aibu ikamuua. Katika hayo yote hakuna la kweli ila moja, kwamba mwana wa watu alianguka.

Anayekijua kisa hiki kwa ukamilifu ni mkewe, Bi Radhiya, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya wasichana hapa Amu, yaani kisiwani Lamu. Si mtu wa barazani. Alinyamaza mume alipokuwa hai kwa kuwa mume alimwomba anyamaze, akanyamaza akiwa edani kwa kuwa eda ina adabu zake. Sasa mume hayupo na eda imekwisha.

Abdulqadir alizaliwa Pate, katika nyumba ya watu wa chuo. Babake, Mzee Harith, alisomesha watoto Qur'ani asubuhi, na jioni akaenda shambani kwenye tumbaku yake na punda wake. Kwa babake alijifunza mambo mawili: kutosema asichokijua, na kushona soji. Soji ni lile takia la makumbi ya nazi linalotandikwa mgongoni mwa punda kabla ya kupakiwa mzigo. Soji nzuri ina mfereji katikati, ili uzito ukae mbavuni usiguse uti wa mgongo. Soji mbaya hujulikana kwa kidonda. Mzee Harith alikuwa akisema kwamba mnyama hana ulimi wa kushtaki, basi mshonaji awe na macho ya kuona. Mtoto alishika maneno hayo kama alivyoshika sura fupi za Juzuu Amma.

Alisoma akafika mbali kuliko wenzake wengi wa Pate, akawa afisa wa afya. Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo. Chanjo zilishushwa gatini Mtangawanda, yeye akafunga sanduku la barafu nyuma ya pikipiki na kwenda nalo Pate, Siyu, Faza hadi Kizingitini, kwenye mchanga unaomeza gurudumu na mawe ya matumbawe yanayorusha mtu juu. Baadaye alihamishiwa bara, na huko njia ikawa ndefu zaidi: Mokowe, Hindi, mpaka vijiji vya nyuma ya Witu, kabla barabara haijatiwa lami, ilipokuwa na vijituta vilivyofuatana kama mistari ya ubao wa kufulia. Watoto walimjua kwa mlio. Akina mama waliwatisha kwa jina lake: "Nyamaza, Bwana Sindano yuwaja!" Naye akishuka alikuwa na peremende mfukoni za kuwapoza wale waliokwisha kulia.

Bi Radhiya alimwoa, au tuseme alikubali kuolewa naye, wakati watu wa kwao walitaka mtu mwenye duka. Hakujuta. Alichokiona ni mwili wa mumewe ukiliwa kidogo kidogo. Jioni Abdulqadir alirudi akavua viatu, akasalimu, na badala ya kukaa akala wali wake amesimama, ameegemea ukuta. Akiulizwa alisema amechoka kukaa. Vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vikifa ganzi. Siku moja walikuja watu wa Pate kuposa kwa jirani, wakapitia kwao, na kikombe cha kahawa kikamponyoka Abdulqadir mbele yao, kikavunjika juu ya mkeka. Wageni walitazamana. Mmoja akatabasamu vibaya. Bi Radhiya aliinuka, akafuta, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mikono hii imechanja wana wenu wote. Ikichoka, ina haki."

Daktari alimshauri apumzike. Lakini surua haipumziki, basi Abdulqadir akaamua kwamba kama njia haibadiliki na kazi haibadiliki, kilichobaki kubadilishwa ni kiti.

Siku moja Bi Radhiya alirudi kutoka shuleni akakuta kiti cha pikipiki kimelazwa ukumbini kama mgonjwa, kimechunwa ngozi, sponji iko nje.

"Abdulqadir! Umeniletea pikipiki ndani?"

"Kiti tu, Mwalimu. Pikipiki yenyewe haijui kupanda ngazi."

"Na hicho kisu ni changu cha jikoni."

"Kilikuwa," alisema.

Abdulqadir aliuketia ule uchi wa kiti pale chini, akajisogeza, akainuka, akakikagua. Kisha akamweleza mkewe jambo alilolifikiri muda mrefu. Kiti kile kimeinamia mbele. Kila breki na kila shimo humtelezesha mtu kuelekea tangi la mafuta, naye ili asiteleze hujizuia kwa mikono, mwendo mzima, kutwa nzima. "Waona, Mwalimu, mikono yangu haina ugonjwa wake. Yaugua kwa sababu ya makalio yangu."

Alicheka sana Bi Radhiya, na Abdulqadir naye akacheka, lakini alikuwa amesema kweli.

Kwanza alikisawazisha kiti kikalala sawa. Alikipanua nyuma, pale mtu anapokalia hasa, akakiacha chembamba mbele ili miguu ifike chini. Katikati akachimba mfereji kama wa soji, safari hii kwa ajili ya mfupa wa mkia wa binadamu. Chini alitia sponji ngumu, juu yake tabaka la makumbi yaliyochambuliwa vizuri, yanayopitisha hewa na kurudi yalivyokuwa baada ya kubonyea. Ile ngozi ya plastiki inayounguza mapaja juani na kumlowesha mtu jasho hakuirudisha. Alikwenda Kipungani kwa wanawake wasukao mikeka, akaagiza kipande cha ukindu mnene, msuko wa kubana, akakishonea juu kwa sindano ya gunia.

Kisha akaugeukia usukani. Ulikuwa chini mno na mbali mno, ukimlazimisha kuinama kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Kwa fundi mmoja wa Mokowe, mtu wa Meru aitwaye Kirimi, alichongewa vipande vya chuma vya kuuinua, na usukani wenyewe ukazungushwa kumwelekea hadi viwiko vikalegea. Mishikio aliizungushia mpira wa tyubu ikawa minene, kwa sababu kitu chembamba mtu hukibana na kitu kinene hukishika tu. Na la mwisho, ambalo Kirimi alilicheka mpaka akakaa chini, alikausha mchanga wa Shela juani, akaujaza ndani ya bomba la usukani, akaziba ncha mbili kwa vizibo vya mti.

"Mzee, sasa unabeba ufuo?" aliuliza Kirimi.

"Washa uone."

Kirimi aliwasha, akashika. Ule mtetemo unaopanda mkononi kama sisimizi ulikuwa umezama mchangani. Aliacha kucheka.

Abdulqadir aliendesha miaka iliyobaki ya kazi yake hivyo. Vidole havikupona, maana kilichokufa kimekufa, lakini alirudi nyumbani akakaa chini kula kama watu.

Alipostaafu, wapanda bodaboda wa Mokowe walikuwa wamekwisha kukiona kiti chake. Walianza kumfuata nyumbani kwake Langoni. Hapa ndipo wageni hucheka, kwa sababu vichochoro vya Langoni punda wawili wenye mizigo hawapishani, na pikipiki haziruhusiwi kuingia mjini. Waliacha pikipiki bara, wakavuka kwa mashua na viti kwapani. Wakipita gatini watu waliwauliza, "Farasi mumemwata wapi?" Abdulqadir alifanyia kazi yake dakani, kwenye kibaraza cha mlango wa nyumba, chini ya nakshi za babu yake Bi Radhiya, akiwa na kanzu iliyofungwa kiunoni na makumbi yamemwingia ndevuni. Kulikuwa na waliosema kwamba mlango wa nyumba ile haukuchongwa ili ukaliwe na viti vya pikipiki. Bi Radhiya aliyasikia hayo akayajibu kwa kumwekea mumewe busati jipya palepale dakani.

Mzaha haukukosekana. Kijana mmoja alikitazama kiti chake kilipokwisha, chenye mfereji na mkeka, akasema, "Lakini Bwana Abdulqadir, si umetugeuza punda?"

"Punda ana akili," alijibu. "Tandiko likimuumiza, hagomi? Wewe umeumia miaka mitatu ukanyamaza."

Lakini kulikuwa na sharti moja, na sharti hilo ndilo kisa chenyewe. Kiti alikitengeneza Langoni bila kuiona pikipiki. Usukani hakuufunga Langoni hata siku moja. Usukani ulifungwa kwa Kirimi, Mokowe, mwenye pikipiki akiwa juu yake na injini ikinguruma. Abdulqadir alisimama mbele, akaushika, akaupeleka kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, akisikiliza. Sababu yake alimweleza kila mtu, mwerevu na mjinga. Usukani ukiinuliwa, kebo za mafuta, za klachi na za breki huwa fupi. Ukienda moja kwa moja hutajua. Siku utakapokata kona kali, ile kebo fupi itavutwa, na injini itapokea mafuta kana kwamba umeyafungulia kwa mkono wako. Pikipiki itaruka pale pale unapotaka isimame. Kwa hiyo kebo ndefu zilikuja kwanza kutoka Mombasa, usukani ukafuata. Mlio ukipanda hata kidogo katika kuzungusha, alifungua kila kitu akaanza upya, na mwenye pikipiki akinung'unika aliambiwa aende kwa fundi mwingine.

Bakr alikuwa mwana wa pekee wa Bi Umulkheir, jamaa wa Abdulqadir kwa upande wa Pate, jirani yao Langoni. Kijana mchangamfu, mpenda sifa, akiendesha bodaboda kisiwani Pate, kati ya Mtangawanda na Siyu. Alikuja dakani kwa mjomba, kama alivyomwita, akataka kiti na usukani. Kiti kikashonwa. Usukani ukakunjwa na kutiwa mchanga. Kebo zikaagizwa. Kwa kuwa pikipiki ya Bakr haikuweza kuvushwa hadi Mokowe kwa wepesi, Abdulqadir aliahidi kwenda mwenyewe Mtangawanda kebo zitakapofika.

"Basi nipe usukani niende nao, mjomba," alisema Bakr. "Niwaonyeshe wenzangu. Wananicheka nikiwaambia una mchanga ndani."

"Waonyeshe. Usiufunge."

"Sifungi."

"Bakr."

"Wallahi mjomba, sifungi!"

Bi Radhiya alikuwa juu, dirishani, akichagua mchele. Alisikia kiapo hicho kwa masikio yake. Mtu wa ukoo wako akikuapia kwa Mwenyezi Mungu mlangoni pako, huna la kumfanya ila kumwamini. Kama Abdulqadir alimwamini asiyefaa kuaminiwa, na iwe hiyo ndiyo hatia yake.

Juma lile kulikuwa na harusi Siyu. Wageni walishuka Mtangawanda kwa wingi, na kila mwenye pikipiki alitaka kuonekana. Bakr na wenzake waliufunga usukani kwa kebo zile zile za zamani. Alibeba wageni asubuhi yote bila tatizo, njia ikiwa imenyooka, akiwaita wenzake watazame alivyokaa kama mkuu wa wilaya. Karibu na mji wa Pate, kwenye kichochoro cha kuta za zamani, alikutana na punda mwenye mizigo ya makuti. Alikuwa peke yake, akirudi kuchukua wengine. Akauzungusha usukani wote ili ampishe. Pikipiki ikanguruma, ikaruka, ikamgonga ukutani. Mguu ulivunjika vibaya, akaletwa Amu kwa mashua akilia, na ulipounga uliunga kombo.

Hospitalini wanawake walimzunguka mama yake, wakamuuliza kimetokea nini. Bi Umulkheir alikuwa katika uchungu, hilo halikataliki. Akasema, "Ni ule usukani wa Abdulqadir." Bakr alikuwa kitandani, macho wazi, akisikia. Hakusema kitu. Neno likatoka mlangoni pa hospitali likiwa dogo, likafika Langoni likiwa na ndevu.

Kirimi ndiye aliyeiona pikipiki. Ilivushwa kwake ikatengenezwe, naye akaja Langoni siku ile ile, jambo ambalo hakuwa akilifanya, kwa maana mashua humtapisha.

"Mzee, kebo ni ile ile iliyokuja na pikipiki. Imevutika mpaka imeacha alama. Hakungoja."

"Umemwambia mtu?"

"Bado. Nataka niwaambie wote, hapo gatini."

"Usiseme. Atasema mwenyewe."

"Na asiposema?"

"Mguu wamuuma sasa. Ukimpoa atasema. Ni mwana wa Pate."

Bi Radhiya, aliyekuwa nyuma ya pazia, alitoka kwa sauti tu. "Na wewe je? Jina lako halikuumi?"

"Radhiya, yule ni mtoto amelazwa. Nikasimame barazani nimwite mwongo? Na wewe usinipiganie kwa wanawake. Nakuomba."

Hakuwahi kumwomba vitu vingi. Mkewe akanyamaza.

Bakr alipoa, akatoka kwa magongo, akaanza kutembea kwa fimbo. Hakusema. Na hapo viti vikaanza kurudi. Walikuja wale wale waliovuka navyo kwapani, sasa wakavirudisha, wengine bila salamu, wakaviweka dakani na kwenda zao. Vilikuwa viti vizima, visivyohusika hata kidogo na usukani wa mtu, lakini mwenye navyo hakutaka kuonekana navyo. Vikarundikana mpaka Bi Radhiya akawa anapita upande kuingia nyumbani kwake. Kuna walioona tabu kurudisha kwa sababu mgongo umekwisha kuzoea, wakaona bora waufunike ule mkeka kwa mfuko wa plastiki. Hao mpaka leo wanapita barabara ya Mokowe, wamekalia kazi ya Abdulqadir, wakimsengenya.

Yeye aliketi katikati ya viti vile akashona kimoja kilichobaki, polepole. Ganzi ilikuwa imepanda kutoka vidoleni hadi viganjani. Sindano ilimponyoka akaitafuta kwa macho, kwa sababu mkono haukujua kama inayo au haina. Binti yao Rumaisa akawa anamtungia uzi. Halafu siku moja aliikunja kanzu, akaiweka sindano ndani ya kopo, akasema basi. Alifunga kazi kwa sababu mikono ilikufa, na mikono aliiua kwa kupeleka dawa kwa wana wa watu. Anayetaka kusema alijificha, aseme pia alikuwa akificha nini.

Alikufa baada ya sala ya alasiri, moyo, pale pale alipokuwa ametandika mswala. Kwa muda wote aliobaki hai alikuwa akisikiliza hatua dakani. Kila fimbo iliyogonga kichochoroni ilimfanya ainue uso. Hakutaja jina la mtu, na mkewe hakuhitaji kutajiwa.

Matangani, Kirimi alivuka tena na mashua, akavaa shati jeupe, akakaa na wanaume. Baada ya khitima aliomba ruhusa akasimama, akaeleza habari ya kebo, wazi, kwa Kiswahili chake cha bara kisicho na mapambo. Upande wa wanawake walisikia yote. Kisha mzee mmoja akasema kwa upole, "Ahsante sana, bwana. Lakini haya ni mambo ya ukoo, wewe mtu wa bara huyajui." Wakaendelea na kahawa. Bi Radhiya hakupata kusahau upole ule. Afadhali wangemtukana.

Na upande wa wanawake, Bi Umulkheir alikuwako, tasbihi mkononi, akatikisa kichwa akasema, "Mngu amsamehe Abdulqadir kwa aliyomfanyia mwanangu. Mimi nishamsamehe." Wanawake wakaitikia amin. Wakamwona mwema. Msamaha ule ulikuwa hukumu, imepigwa muhuri mbele ya mjane aliyefunikwa kanga, asiyeweza hata kuinuka.

Eda ilipokuwa katikati, fimbo iligonga dakani kweli. Bakr hakuweza kuingia, na Bi Radhiya hakuweza kumtokea, kwa hiyo Rumaisa alisimama kwenye ngazi akawa anapokea neno huku na kulifikisha huku, ingawa wote wawili walisikiana.

"Mwambie Bi Radhiya usukani niliufunga mwenyewe," alisema Bakr. "Mjomba alinikataza."

"Mwambie najua," alisema Bi Radhiya.

"Mwambie anisamehe."

"Mwambie Ijumaa, baada ya sala, asimame aseme hivyo hivyo. Nikisikia kwamba amesema, nimemsamehe tangu sasa."

Fimbo ikakwaruza jiwe.

"Mamangu ameapa nikisema hatanipa radhi yake," alisema Bakr. "Asema nitamfanya mzushi katika muyi mzima."

"Basi mwambie aende salama," alisema Bi Radhiya. Rumaisa hakuwa na haja ya kulifikisha.

Kwa hiyo walijua wote watatu, mama, mwana na mjane, na aliyebeba lawama alikuwa chini ya mchanga. Eda ikaisha. Watu wazima walimjia Bi Radhiya wakamshauri ayaache yapite, wakamwambia maiti haumizwi na maneno. Aliwauliza kama wangekubali hayo yasemwe juu ya baba zao. Hawakurudi.

Mwaka huo Bi Umulkheir alipata nafasi ya kwenda hija. Kama ilivyo desturi, anayekwenda Makka huzunguka kwa jamaa na majirani kuaga na kutaka radhi, kwa sababu safari ile ni kama kifo, na haki ya mja haifutwi na hija mpaka mja mwenyewe aisamehe. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akasindikizwa na wanawake wa mtaa, akilia na kulizwa. Nyumba ya Bi Radhiya aliibakiza mwisho.

Walimkaribisha ukumbini. Alikuwa amevaa buibui jipya, uso umechoka. Alimshika Bi Radhiya mkono.

"Nimekuya kukuaga, Bi Radhiya. Naenda kwa Mngu. Niwie radhi kwa nilojua na nisilojua."

Jibu lake ni moja, na kila mtoto wa Amu analijua. Wanawake walikuwa wamekwisha kuandaa machozi.

"Kwa usilolijua," alisema Bi Radhiya, "nimekuwia radhi, mbele ya hawa wote. Kwa ulilolijua, litaje."

Bi Umulkheir aliuachia mkono. "Nitaye nini?"

"Neno moja. Nani aliufunga usukani?"

"Mwalimu!" alisema mwanamke mmoja mlangoni. "Mtu aenda hija!"

"Ndiyo sababu namuuliza leo. Kesho atakuwa mbele ya Mwenye kujua, huko hataulizwa na mimi."

Bi Umulkheir aliwatazama wenzake, akatazama chini. Midomo ilimcheza. Mara moja Bi Radhiya alidhani limekuja, lile neno, liko nyuma ya meno kabisa. Akalingoja kwa moyo wote. Hakuwa akitaka aibu ya mwanamke yule. Alikuwa akitaka mumewe.

"Wataka nimvunde mwanangu mara ya pili?" alisema Bi Umulkheir kwa sauti ndogo.

"Mara ya kwanza alijivunja mwenyewe. Mara ya pili umekwisha kumvunja wewe. Fimbo yake yapiga mlango wangu, kinywa chake umekifunga."

Alilia kweli Bi Umulkheir, si kilio cha kuaga. Lakini alilia akainuka, akajifunika, akatoka na nusu ya radhi aliyopewa, na wanawake wakamfuata wakimshika mabega. Mmoja aligeuka ngazini akamtazama Bi Radhiya kama mtu anayetazama nyumba yenye maradhi.

Sasa mji una habari mpya. Mjane wa Abdulqadir ana moyo wa jiwe, amemnyima hujaji radhi, elimu imemtia kiburi. Aliporudi kutoka hija, Bi Umulkheir alipeleka sinia la tende na chupa ya zamzam. Bi Radhiya alivipokea kwa adabu, akarudisha sinia limeoshwa, pamoja na salamu. Watu wanatumana kumuuliza kwa mzunguko. Je, amemsamehe? Je, atamsamehe Bakr, naye hajasema bado? Je, akifa Bi Umulkheir atakwenda matangani kwake?

Kuhusu usukani, yote yamekwisha kusemwa hapa. Kuhusu radhi, Bi Radhiya hasemi, na asitumwe mtu mwingine kuuliza.